Neno "Tumezoea" Litatumaliza

Kuna neno moja hapa Kakuma ambalo ukiamua kulihesabu kwa siku moja tu utachoka kabla ya saa sita mchana. Bomba halijatoa maji tangu juzi. Tumezoea. Mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mia darasani. Tumezoea. Taa ya njiani pale karibu na vyoo imekufa, wasichana wanaenda watatu watatu na tochi ya simu. Ah, si tumezoea. Mtu analisema huku anacheka, anayesikia anacheka pia, na maneno yanaishia hapo. Ukishalisema hakuna mtu anayeuliza swali la pili.

Mimi nililetwa hapa mtoto, nikasoma hapa mpaka kidato cha nne, sasa nina miaka ishirini na kitu, na kazi yangu ni kukaa na vijana kituoni: mpira, majadiliano, kusaidiana kujaza fomu za kozi. Kwa hiyo hilo neno nalisikia kwa watoto wa miaka kumi na nne. Mzee akilisema naelewa, ametembea, amezika watu njiani. Mtoto wa miaka kumi na nne amezoea nini? Amerithi tu. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na naandika nikiwa nayo, msinishangae.

Kwanza niwatoe watu wa aina moja kwenye mazungumzo haya. Kuna wageni wanaokuja siku tatu, wanapiga picha, wanarudi walikotoka na kusema wakimbizi wamebweteka kwa sababu wanapewa vitu vya bure. Hao ningependa wakae siku moja na mama wa bloki yetu anayeamka saa kumi usiku kupanga mtungi kwenye foleni, saa mbili asubuhi anafua nguo za watu, mchana anarudi kupika alichopata, jioni anatafuta kuni. Huyo hajabweteka, amechoka. Mtu aliyechoka na mtu aliyebweteka wanaweza kukaa chini ya mti mmoja, na wewe uliye ndani ya gari ukipita hutawatofautisha. Lakini shuka uwaulize: ni kitu gani kinaweza kuharibika kesho? Aliyechoka atakutajia vitu kumi bila kupumua. Aliyebweteka atakwambia hakuna shida, wapo wenye kazi yao.

"Wapo wenye kazi yao." Hiyo ni ndugu wa tumbo moja na "tumezoea". Kubweteka kwa watu wengine kunatokana na shibe, kwetu hakuna shibe. Kwetu kumetokana na kuamini kwamba mahali fulani, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, kuna mtu mwenye beji na kompyuta ambaye yuko macho kwa niaba yetu. Yeye anajua rasheni ya mwezi ujao. Yeye anajua faili langu limefika wapi. Yeye ataniita. Basi mimi naweza kulala.

Tukumbuke tulivyojifunza kulala, kwa sababu hatukuzaliwa hivi. Mwezi wa tatu 2021 serikali ya Kenya iliipa UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Mnakumbuka zile wiki mbili? Watu hawakulala. Kuna waliouza mbuzi kwa bei ya kutupa. Siku 14 zikaisha, kimya. Baadaye ikasemwa kambi zote mbili zitakuwa zimefungwa kufikia tarehe 30 Juni 2022. Tarehe ikaja ikapita, na kesho yake maduka yalifunguliwa kama kawaida, mandazi yakauzwa kama kawaida. Asubuhi ile tulijifunza somo baya sana. Tulijifunza kusema: hawa wanatutisha tu.

Wote tunaoishi hapa tunaijua laga. Miezi mingi ni mchanga mtupu. Watoto wanacheza mpira humo, akina mama wanachimba visima vya mkono, boda zinakatiza zikiwa na watu watatu. Halafu siku moja mvua inanyesha mbali huko juu, hapa kwetu jua kali na hakuna wingu hata moja, na maji yanakuja ghafla, mekundu, na matawi ya miti mbele yake. Mtu aliyevuka laga mara elfu moja anajisifu kwamba anaijua. Anaijua ikiwa kavu. Kila tishio lililopita bila kutimia kwetu lilikuwa laga kavu, na sisi tukaanza kutandika mikeka katikati.

Maji yalikuja 2025. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani aliyeingia siku hiyo alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na kabla ya wiki kuisha safari za watu waliokuwa na tarehe ya ndege zikafutwa. Pesa za msaada kutoka Marekani zikaanza kukatwa. Mwezi wa sita WFP ikashusha chakula mpaka asilimia 28 ya kiwango kinachotakiwa, na zile pesa za kwenye simu zikasimama. Mwezi wa nane tukagawanywa makundi manne, na kundi la nne wakaambiwa wajitegemee. Miezi minane tu, kutoka Januari hadi Agosti. Na walioshangaa kuliko wote ni wale waliokaa hapa muda mrefu kuliko wote, wale tuliodhani wanajua kila kitu. Kambi ilifunguliwa 1992. Mtu akiishi na kitu zaidi ya miaka thelathini anakiona kama mlima, kitu kilichokuwepo na kitakachokuwepo. Kumbe ni bajeti ya mwaka.

Kuna kijana mmoja nitamsema bila jina. Anaelewa umeme, mkono wake ni mwepesi, ukimpa redio iliyokufa anairudisha jioni inaimba. Kwa miaka minne nilimwambia kuna kozi ya umeme, ya bure, yenye cheti. Miaka minne jibu lake lilikuwa moja: nitaanzia kule. Prosesi yao ilikuwa imefika kwenye vipimo vya afya, familia ilikuwa imeshauza kitanda. Sasa wako hapa hapa na hawana kitanda, na ile kozi nayo ilipunguzwa pesa zilipokatwa. Simcheki, na ole wake atakayemcheka mbele yangu. Hakukosea kutumaini. Kutumaini Marekani, Kanada, Australia, si dhambi, na asiyetumaini kambini atakufa kabla ya siku zake. Ninachokataa ni kuchukua tumaini lote, kulipeleka ofisini kama mzigo, kupewa namba ya faili, halafu kurudi nyumbani kukaa mikono mitupu kana kwamba namba hiyo ndiyo maisha. Kozi ya umeme ingemsaidia kule na ingemsaidia hapa. Haikuwa inashindana na ndege.

Bado kuna wanaosema kambi haiwezi kufungwa, dunia haitakubali. Hao niwapeleke Tanzania kidogo. Kule Kasulu kulikuwa na kambi ya Warundi iliyoitwa Mtabila. Mwaka 2012 serikali ikatangaza kwamba wengi wa waliomo si wakimbizi tena, na mwisho wa mwaka huo huo kambi ikafungwa, Warundi zaidi ya 30,000 wakarudishwa kwao. Jirani yangu, mama wa Kirundi, alikuwa mmoja wao. Mwaka 2015 fujo zilipoanza Burundi alikimbia tena, na njia yake ndefu ikamfikisha hapa. Nilimwuliza, mama, hamkuambiwa? Akasema, "Mwanangu, tuliambiwa mara nyingi mno. Ndiyo maana hatukusikia." Malori yalipokuja mbuzi wake walikuwa hawajauzwa, mahindi yalikuwa shambani hayajakauka, na karatasi za shule za binti yake zilikuwa zimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Mbuzi haongelei sana. Anaongelea zile karatasi. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba, na alipofika Burundi hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alirudishwa nyuma madarasa matatu, akakaa na watoto wadogo, akaona aibu, akaacha.

Sasa fungua sanduku lako, wewe unayesoma. Iko wapi ripoti ya shule ya mtoto wako? Cheti cha kuzaliwa je? Akina mama wengi hapa wanapewa ile karatasi ya hospitali siku ya kujifungua, wanaikunja, wanaitia kwenye mfuko wa plastiki, wanaamini ndicho cheti. Sicho. Ile ni taarifa tu kwamba mtoto amezaliwa, cheti kinaombwa baadaye, na kwa sheria ya Kenya baada ya miezi sita unahesabiwa umechelewa, mambo yanakuwa mengi. Nauliza kituoni, watoto wangapi wana cheti? Mikono michache. Wazazi wanasema tutafuatilia, kuna wakati. Siku ya kuandikisha mtoto mtihani ndipo mbio zinaanza, na siku hiyo kila mtu anakimbia mara moja kuelekea dirisha moja. Kadi ya mkimbizi ni hivyo hivyo. Tarehe ya kuisha imeandikwa juu yake kwa herufi zinazoonekana, na mtu anagundua imeisha siku laini ya simu inapomletea shida. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji uangalie tarehe usiku huu ukiwa umekaa kitandani.

Najua kuna atakayesema, kijana huyu anatulaumu sisi ilhali hatuwezi hata kwenda Lodwar bila karatasi ya ruhusa, tunafanya kazi ya "insentivu" kwa malipo madogo kando ya mtu anayelipwa mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na sisi ndio wabaya. Hapana, hayo yote ni kweli na nayasema kila mahali wanaponiruhusu kushika maikrofoni. Hata hivyo ona kitu kimoja: aliyekufunga mkono mmoja anafurahi sana ukisahau kwamba una mwingine.

Papa mmoja wa kwetu, mtu wa Fizi, alinikemea kwa jambo hili hili chini ya mwarobaini wake. Alisema, "Mwana wangu, ile kuzoea unaitukana ndiyo ilitufikisha huku wazima. Kama hatukuzoea njaa, tungekufia njiani. Kama hatukuzoea kuzika, tungerukwa akili." Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli na kwa sababu ni mzee. Kuzoea ni dawa. Aliyelala porini na watoto akazoea sauti ya bunduki mpaka akapata usingizi, nani atamhukumu? Baadaye nikamjibu kwa adabu, nikamwambia, Papa, kuzoea njaa na kuzoea kutouliza si kitu kimoja. Dawa ya malaria unakunywa siku zake inaisha, ukiendelea kuinywa mwaka mzima itakuua. Akacheka, akasema, "Basi uliza wewe, mie magoti inauma." Nikasema sawa Papa, nitauliza, lakini nitahitaji wewe useme ulichoona, maana wewe umekaa hapa kabla ya bomba kuwekwa. Na alisema, nitawaambia.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye habari ya bomba, kwa sababu ni ndogo na kwa sababu niliiona yote kuanzia mwanzo.

Bomba la bloki yetu lilikatika koki. Maji yakija, mengi yanavuja yakitengeneza dimbwi, na dimbwi likawa na bata, kisha mbu, kisha harufu. Waliokuwa mwisho wa foleni walikuwa wakirudi na mtungi nusu. Miezi ikapita. Siku moja mtu, sijui nani, akabeba mawe matatu makubwa akayapanga ndani ya dimbwi ili watu wakanyage wasilowe. Kila mtu akashukuru. Mimi yale mawe yalininyima usingizi. Mtu alitoa jasho kuyabeba, akayapanga kwa akili, kazi nzuri kabisa, na kazi yote hiyo ilikuwa ya kutusaidia kuendelea kuishi na bomba bovu. Kubweteka si lazima kulale. Wakati mwingine kunabeba mawe.

Vijana saba wa kituoni walitaka kununua koki na kuifunga wenyewe. Wakaambiwa bomba ni mali ya ajensi, asiguse mtu. Sawa. Tukaenda kwa kiongozi wa bloki: umeripoti? Mara nyingi. Lini? Hakumbuki. Kwa nani? Kwa ofisi. Ofisi ina jina la mtu? Akatuangalia tu. Simlaumu sana, hajalipwa, na kila siku anagongewa mlango na watu ishirini. Lakini hapo tukaona kwamba kwa miezi yote ile shida yetu ilikuwa inaishi hewani, haina tarehe, haina jina, haina karatasi.

Tukanunua daftari la shule. Tukapiga mistari: tarehe, saa maji yalipoanza, saa yalipokatika, mitungi mingapi ilirudi mitupu, jina la aliyeandika. Wasichana ndio walioanza, kwa sababu wao wako kwenye foleni kila asubuhi hata hivyo. Wavulana walisema daftari halitasaidia kitu, wakakaa pembeni wakitoa maoni, kama kawaida yetu.

Baada ya wiki sita tukalisoma, na lilichotuonyesha kilitutia aibu kama bloki nzima. Bloki yote ilikuwa inasema maji yanatoka saa mbili kwa siku. Daftari lilisema siku nyingi ni saa moja na dakika kidogo, na kwamba Ijumaa tatu hayakutoka kabisa. Tulikuwa tumeizoea shida mpaka hatukuijua tena! Tulikuwa tunalalamika juu ya shida ya zamani, iliyokuwa afadhali, na mpya imeingia bila kubisha hodi. Ndiyo maana nasema kuzoea ni hatari kuliko uvivu. Mvivu anajua ana kazi ambayo hajaifanya. Aliyezoea hajui hata kama kitu kimebadilika.

Tukaenda ofisini na daftari, watu tisa, pamoja na Papa wa Fizi na magoti yake. Ofisa aliuliza kwanza nani aliwaruhusu kuandika. Papa akamjibu kwa upole kwamba hakujua kama kuangalia saa kunahitaji ruhusa. Yule ofisa akacheka, akakaa chini, akafunua kurasa moja moja, kisha akaomba kuzipiga picha. Koki ilibadilishwa baada ya siku tisa. Saa za maji hazikubadilika, nisiwadanganye. Ila tulipewa sababu kwa mara ya kwanza, kwamba pampu moja inagawanya kwa bloki nyingi kuliko ilivyopangwa, na tulipewa jina la mtu wa kumwuliza. Kabla ya hapo tulikuwa tunapewa "tunalifanyia kazi".

Na sasa sehemu ambayo watu hawapendi kuandika kwenye ripoti. Koki ilipofungwa, watu walishangilia, na daftari likaanza kuwa na siku tupu. Siku moja, siku tatu, siku kumi na mbili mfululizo. Kwa nini kuandika? Bomba si limepona? Yaani ushindi mdogo ulitulaza haraka kuliko shida ilivyotulaza. Mtu aliyeshindwa angalau anakereka, na aliyeshinda anataka kupumzika, na ni haki yake, lakini bomba halijui kwamba umeshinda.

Kilicholiokoa daftari ni kulihamisha. Kila Jumapili linaenda nyumba nyingine. Hakuna kamati, hakuna mwenyekiti, hakuna fulana za rangi moja. Likiwa kwako ni lako kwa wiki moja, halafu linaondoka. Wiki moja mtu yeyote anaweza. Nyumba iliyolitunza vizuri kuliko zote ni ya bibi asiyejua kusoma. Alikuwa anamshika sikio mtoto yeyote anayepita, anamkalisha, "andika, yamekuja sasa hivi," na wiki yake haikuwa na nafasi hata moja iliyo tupu.

Ndugu zetu wa ajensi, msifikiri nimewasahau. Mnasoma jarida hili, najua, nakala zinaonekana mezani kwenu. Nanyi mmezoea. Kuna sanduku la maoni ukutani ambalo kufuli lake limeshika kutu, na kutu haishiki kufuli linalofunguliwa. Kuna karatasi ya mahudhurio inayozunguka kabla ya semina kuanza, tunasaini, tunapewa soda na biskuti, sura ni zile zile, na ripoti inaandikwa kwamba watu 80 wameelimishwa. Kuhusu nini? Tuulizeni wiki ijayo. Mpango wa Shirika ulizinduliwa mwezi wa tatu 2025, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya pamoja na wenyeji, jambo litakalobadilisha maisha ya kila mtu hapa, Mturkana na mkimbizi. Nilikuwa kwenye mikutano miwili ya kuuelezea. Hakuna aliyekuja na nakala ya Kiswahili ya kuachia watu wakaisome nyumbani. Na nitakuwa mkweli kwa upande wetu pia, hakuna aliyeiomba mpaka soda zilipoisha.

Kosa lenu kubwa ni kusoma kimya chetu vibaya. Watu wakinyamaza mnaandika jamii imeridhika. Mwezi wa tatu 2025 watu walipotoka njiani kwa sababu ya chakula na maji, kuna walioshangaa, eti hawa walikuwa watulivu. Kumbe mtulivu alikuwa nani? Kimya cha kambi kina sababu nyingi: kuna anayeogopa faili lake litaguswa, kuna aliyeuliza mara tano akachoka, kuna asiyejua lugha yenu. Aliyeridhika mimi bado sijamwona. Na baadhi yenu mwaka ule mliambiwa kwa barua kwamba mkataba umeisha, mkafunga mizigo. Siku ile mlijua kidogo jinsi inavyokuwa mtu unapodhani kuna mwingine aliye macho kwa ajili yako.

Siwaombi pesa kwa hili. Naomba vitu vya bei rahisi: fungueni sanduku mbele ya watu siku inayojulikana, msome yaliyomo kwa sauti, na kila swali mlipe tarehe ya jibu hata kama jibu ni hapana. "Hapana" yenye tarehe tunaweza kuishi nayo. Mama akiambiwa Januari kwamba Juni hakuna, ana miezi mitano ya kupanda sukumawiki kwenye magunia, kuongea na kaka yake aliye mjini, kutafuta kibarua. Akiambiwa Juni yenyewe, ana jioni moja.

Na sisi tusiwasubiri wafungue. Vijana wa kituoni sasa wana madaftari matatu. La maji linaendelea. La pili ni la vyeti: tunapita nyumba kwa nyumba kuandika mtoto gani hana na amefikia wapi, na tayari tumegundua familia ambazo vyeti vyao vilishatoka na vimekaa ofisini bila mtu kwenda kuvichukua. La tatu ni la ile njia ya kuvukia laga, ambapo watoto wa shule wanapita asubuhi na mchana. Tunataka mtu wa zamu miezi ya mvua, mwenye simu, anayeongea na watu wa huko juu maji yanakotokea, ili wakituambia kumenyesha tuwazuie watoto ng'ambo. Wengine wanasema mwaka jana hakuna mtoto aliyechukuliwa na maji pale, kwa nini mnajisumbua. Ndiyo maana tumeanza sasa, wakati ni mchanga mtupu na mtu anaweza kusimama pale kuchagua mahali pa kuweka kamba.

Tunapeleka madaftari ofisini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Tunakutana penye bomba saa mbili na nusu asubuhi, tunaondoka saa tatu kamili. Anayetaka kuja aje na kadi yake, maana mlangoni wanaiomba, na aiangalie tarehe kabla hajatoka nyumbani. Wiki hii daftari la maji liko kwa mama wa Kirundi. Jumapili linahamia nyumba ya pili kutoka msikitini, na wao wameshaambiwa.